Jiko Lililopimwa kwa Wali

Mpanda Mjini,
14 Machi 1994

Dada Dorotea,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, wewe, shemeji Method, mama mkwe wako Prisila na wapwa zangu wote. Huku kwetu tunaendelea. Mke wangu Jeniffer alilazwa na malaria wiki iliyopita, lakini sasa ameanza kula na kunigombeza, kwa hiyo najua amepona.

Nimechelewa kushukuru, unisamehe. Nilirudi kutoka Mamba nimenenepa hadi Jeniffer akauliza kama nilikwenda kazini au harusini. Kuku, wali, tena kuku, tena wali! Mwambie Mariana jirani yako kwamba wali wake bado nauota.

Sasa nikueleze matokeo. Unakumbuka nilikwambia kwamba Bwana Manyanda, mkubwa wetu hapa mradini, hataki tena majiko yanayochorwa na watu waliokaa mezani mjini. Anasema majiko ya namna hiyo yaliishia kuwa viota vya kuku. Ndiyo maana alitutuma tukae jikoni kwa watu, tutazame wanavyopika, tuwahoji, kisha ndipo tushike penseli. Na mimi nimefanya hivyo. Nimekaa jikoni kwako, kwa Mariana, kwa mzee Maduhu yule Msukuma wa ng'ombe, na kwa wengine. Kila nyumba niliona jambo moja: sufuria ndogo ya wali, moto wa taratibu, na mama ameinama, mgongo umepinda, machozi yanamtoka kwa moshi. Nilipouliza mnapika nini siku nyingi, wote walijibu wali.

Basi jiko limekamilika na nimelichora mimi, mdogo wako. Ni la bati, la duara, lina miguu mitatu mirefu, linafika kiunoni. Linakula kuni kidogo sana. Mama atapika amesimama wima kama mke wa mkurugenzi. Bwana Manyanda amelisifu mbele ya wenzangu wote na ameamua lianzie Mamba. Nakuomba uwaandae akina mama. Wakikusikia wewe hawabishi.

Mimi mdogo wako,
Gelasius


Mamba, Mpimbwe,
9 Aprili 1994

Mdogo wangu Gelasius,

Marahaba. Tumeipata barua yako kwa dereva wa lori la mahindi, imekunjwa na imeloa, lakini inasomeka. Pole sana kwa Jeniffer. Mwambie anywe uji na asikusikilize ukijifanya daktari. Huku mvua ni nyingi, mpunga umesimama vizuri mbugani, na Method anakohoa lakini hataki kwenda zahanati, unamjua alivyo.

Usinishukuru kwa kuku. Mtoto niliyembeba mgongoni baada ya mama kufariki amerudi na kalamu ya ofisi mfukoni, nimpe nini, mboga za majani? Wenzangu nao nawasifu. Nilikuwa nimepita kwao kabla hujafika nikawaambia, mdogo wangu anakuja, jamani msiniaibishe. Mariana alikwenda kuazima mchele kwa shangazi yake. Hata kwa Maduhu, watu wa maziwa na ugali wale, walikupikia wali wakauunguza, na wewe ukaula wote ukasema mtamu. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Akina mama nimewaambia habari za jiko na wanalisubiri. Nimewaonyesha na picha uliyochora. Mama mkwe aliitazama sana, akaigeuza, akauliza, "Sasa huyu anayesonga, mguu anaweka wapi?" Nikamjibu hayo ni mambo ya kitaalamu, mama, tuwaachie wenyewe. Lakini swali lake limenikaa. Unajua mwenyewe ugali wetu wa muhogo, hausongwi kwa huruma. Tunakaa chini kwenye kigoda, sufuria tunaibana kwa kijiti na unyayo, ndipo mwiko unaingia. Kwenye jiko la kiunoni tutabana na nini? Je, hilo jiko linasongewa ugali? Nijibu hilo, mengine yote sina wasiwasi.

Dada yako akupendaye,
Dorotea


Mpanda Mjini,
30 Juni 1994

Dada Dorotea,

Shikamoo, na poleni kwa kikohozi cha shemeji. Jeniffer ni mzima, anawasalimu. Mimi nina kazi hadi kichwa kinauma. Semina, taarifa, wageni, kila siku jambo jipya.

Majiko yanakuja kwenu mwezi ujao kwa gari la mradi. Mimi sitakuja, nimepangiwa Ikola kwa wakausha dagaa, lakini atakuja kijana wetu Ponsian awaonyeshe matumizi. Mtakapolitazama msiwe na mashaka mashaka ya kijijini. Jiko limepimwa kwa mapishi yote yaliyoonekana wakati wa utafiti, na lilishinda kila kipimo.

Kuhusu swali la mama mkwe, mwambie watu wakizoea kitu kipya hawataki tena cha zamani.

Ndimi mdogo wako,
Gelasius


Mamba, Mpimbwe,
21 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Hatujambo sote, tunashukuru. Tumevuna, Method kikohozi kimemwachia, na mama mkwe ametoka kuzika dada yake huko Usevya, kwa hiyo nyumba ina huzuni kidogo. Mpe Jeniffer salamu zangu.

Majiko yamefika. Mazuri kuyatazama, yanang'aa, watoto wanajitazama sura. Huyo Ponsian wenu alichemsha maji ya chai mbele ya watu wote pale shuleni. Maji yakachemka, watu wakapiga makofi, yeye akapanda gari akaenda zake. Gelasius, maji ya chai hayasongwi.

Mimi nilikuwa wa kwanza kulitumia kwa sababu ni jiko lako. Nilianza na maharage, hapo sina ugomvi nalo. Niliposonga ugali, likaanza kucheza. Miguu ile inapishana kama ya ndama aliyezaliwa leo. Ikabidi Method aje kulishika kwa matambara huku mimi nasonga, na mwanaume kushika jiko hapa kwetu unajua watu watasema nini. Mariana la kwake amelitoa nje, anaanikia mboga juu yake. Wengine bado wanalitumia kwa sababu niliwaambia mimi. Wanasema, Dorotea amesema ni zuri, basi kosa ni la mikono yetu.

Sikuandikii kwa lawama. Nakuomba uje. Hata siku mbili. Ukae kigodani utazame tunavyosonga, kisha umwambie mkubwa wako miguu ikatwe au kifanyike chochote mnachojua ninyi. Nilikuuliza hili mwezi wa nne na hukunijibu. Ulinijibu habari za mazoea.

Nakusubiri.
Dada yako,
Dorotea


Mamba, Mpimbwe,
6 Novemba 1994

Shemeji Gelasius,

Habari za siku nyingi? Anayeandika ni mimi Method. Dada yako yupo hapa pembeni, yeye anasema mimi naandika, maana kazi za shamba zimemwelemea mikono. Sisi hatujambo. Barua yetu ya mwezi wa nane hatukupata majibu yake, lakini tunajua barabara ilivyo na malori yanavyolala Sitalike, kwa hiyo hatukulaumu.

Sasa haya ni maneno yake kama anavyoyasema.

Gelasius, kuna mama mmoja hapa kijijini ameungua. Alikuwa anasonga ugali kwenye jiko lako, peke yake, hakuna wa kulishika. Jiko likalala upande wake. Ule ugali kabla haujakaza ulimmwagikia mkono wa kulia wote na paja. Alibebwa kwa baiskeli hadi zahanati, na njia ile unaijua, kila shimo alikuwa analia. Amelala huko wiki nyingi. Sasa ametoka, lakini vidole viwili vimeshikana, na daktari anasema havitaachana.

Usiniulize ni nani. Ni mama, anapika, ana watoto. Njoo umwone. Halafu umwambie Bwana Manyanda majiko haya yarudishwe kabla hayajapelekwa kwa watu wengine. Sitaki kitu kingine chochote kutoka kwako, hata sukari usilete. Nataka uje tu.

Hayo ndiyo aliyosema. Mimi sina la kuongeza, shemeji. Njoo.

Method


Mpanda Mjini,
12 Januari 1995

Dada Dorotea,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu wote. Jeniffer ni mjamzito, nilitaka usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kwa wapita njia. Tunamshukuru Mungu.

Barua ya shemeji niliipata kabla ya Krismasi. Sikujibu upesi kwa sababu sikujua nijibu nini, na bado sijui vizuri. Pole kwa huyo mama. Nimesikitika kweli. Lakini na wewe unielewe. Lile jiko lina maelekezo yake, na hayo maelekezo hayakutaja kusonga ugali mzito.

Najua utakasirika, basi ngoja niseme yote. Ni nani alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasiniaibishe? Mimi nilitumwa kutazama mnavyopika. Mkanipikia wali. Nikauliza mnapika nini siku nyingi, wewe umekaa hapo hapo pembeni yangu, Mariana akasema wali na wewe ukatikisa kichwa kukubali. Mngenipikia ugali ningechora jiko la ugali. Sasa nimwambie nini Bwana Manyanda, kwamba utafiti wote niliofanya ulikuwa karamu? Mkataba wangu unakwisha mwezi wa tatu, na mke wangu yuko katika hali hiyo.

Wafadhili wanakuja Mamba mwezi wa pili kutathmini. Watakaa jikoni, watawahoji, wana kinasa sauti. Wakiridhika, majiko yanakwenda Mishamo kwa wale wakimbizi Warundi, na mimi nitaongezewa mkataba. Nakuomba, dada, wapikieni kama mlivyonipikia mimi. Siku moja tu. Halafu baadaye, nikishakaa vizuri, nitaleta hoja ya miguu polepole.

Na huyo mama aliyeungua, kama inawezekana, siku hiyo akae kwa ndugu zake.

Mdogo wako anayekutegemea,
Gelasius


Mamba, Mpimbwe,
5 Machi 1995

Gelasius,

Hatujambo. Hongera kwa Jeniffer, mimba nimeifurahia kwa moyo wote, na hilo litenganishe na haya mengine.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Najifunza upya kushika kalamu. Huyo mama uliyesema akae kwa ndugu zake hakuwa na pa kwenda, kwa sababu ndugu yake ni wewe. Ni mimi niliyeungua. Method alitaka kukuandikia wazi tangu siku ya kwanza, nikamkatalia. Nilijua ukisikia ni mimi utakuja mbio unalia. Nilitaka kuona kama utakuja kwa ajili ya mama ambaye hakukubeba mgongoni. Uliandika pole na ukaniambia nimfiche.

Nikujibu la wali. Ndiyo, niliwaambia. Ningewaambia tena. Mgeni haingii nyumbani kwa watu ukamwekea ugali wa muhogo na mlenda, labda kama humtaki. Lakini wewe, Gelasius, ulizaliwa wapi? Ulikula nini hadi ukaota ndevu? Mzungu angetuuliza mnapika nini tukasema wali, angeandika wali, na wala nisingemlaumu. Wewe ulikuwa umekaa jikoni ambamo mimi nilikusongea ugali kila siku ya utoto wako, ukaandika wali. Uliyajua. Kilichokupendeza ni kuitwa mgeni.

Wageni wako wamekuja. Sikumwambia mtu apike nini, nakuapia. Nilitaka waone ugali. Lakini akina mama walipoona magari tu, walikimbilia mchele wenyewe. Mama mkwe alijaribu kutoa unga, Mariana akamnyang'anya ungo mbele ya watu. Wali ukapikwa, majiko yakasimama wima kama askari, wageni wakala, wakasifu.

Halafu mama mmoja wa kizungu akauona mkono wangu. Aliushika, akauliza kwa mkalimani niliungulia wapi. Kile kinasa sauti kilikuwa mezani kinazunguka. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyapanga tangu asubuhi. Bwana Manyanda alikuwa amekaa hapo, na dakika chache kabla ya hapo alikuwa ametoka kuwaambia watu kwamba kijana wa Mamba, Gelasius, ndiye fundi wake bora kuliko wote. Watu wakanigeukia wakanipigia makofi mimi, dada yako. Nikafungua mdomo, nikasema nimeungulia mafigani. Yule mama akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ndiyo maana mnahitaji majiko haya.

Nimejichukia tangu siku ile. Nimesikia majiko ya Mishamo yanaondoka baada ya Pasaka. Kule hakuna dada yako wa kukufichia. Muda unao. Sema wewe mwenyewe, na wakikufukuza, njoo na mkeo mkae hapa, tutalima wote, sitakukumbusha jambo hili hata siku moja. Usiposema hadi Jumatatu ya Pasaka, nitapanda lori nije nimwambie Bwana Manyanda mwenyewe.

Dada yako,
Dorotea


Mamba, Mpimbwe,
23 Aprili 1995

Gelasius,

Nimefika salama, kama kuna mtu huko anataka kujua. Tulilala Sitalike, daraja lilikuwa limefunikwa na maji.

Nayaandika haya ili usije ukasema baadaye kwamba hukumbuki. Nilikusubiri hadi Pasaka ikapita. Hukuandika hata mstari. Nikaja. Nilidhani sitakukuta ofisini, nilidhani utakuwa umejificha, na nilishakuhurumia njiani kwa hilo. Kumbe ulikuwepo, umevaa shati jeupe, ukanikaribisha kiti.

Bwana Manyanda alinisikiliza vizuri, nisiseme uongo. Hakunikatiza. Nilimweleza wali tuliokupikia, nikamweleza tunavyosonga, nikasimama katikati ya ofisi yake nikamwonyesha jiko lilivyolala na mimi nilivyokuwa nimesimama. Nikamwonyesha mkono. Nikasema wageni niliwadanganya kwa sababu ya ndugu yangu. Nilipomaliza, alikwenda kabatini akaleta kaseti, akaiweka. Nikajisikia mwenyewe nikisema nimeungulia mafigani. Sauti yangu kabisa, wala haitetemeki. Akaniuliza, "Mama, hii si sauti yako?" Nikasema ni yangu. Akasema, "Sasa mimi nimwamini mama yupi?"

Kisha akakugeukia wewe. Alikuuliza kwa upole, na nadhani alitaka kweli kujua, maana alizima kile kimashine kwanza. Akasema, "Gelasius, wewe ni ndugu yake na jiko ni lako. Ukweli ni upi?"

Mimi nilitulia. Nilijua sasa tumefika. Hata moyo ulinipoa, nikasema huyu sasa atasema.

Ukasema, "Dada yangu tangu aungue anachanganya mambo, mzee. Tumvumilie."

Bwana Manyanda akanipa pole, akanisindikiza hadi mlangoni akiwa amenishika bega, kama anavyoshikwa mgonjwa. Nje lori la Mishamo lilikuwa linapakiwa. Nilipita katikati ya majiko yale na hakuna aliyenizuia wala kuniuliza kitu. Jeniffer alikuwa kibarazani kwenu na tumbo lake, akanipungia mkono nikale. Nilimwambia nawahi gari.

Nilipofika nyumbani Method alinipokea mzigo. Akauliza Bwana Manyanda amesemaje, nikamweleza. Halafu akauliza, "Na Gelasius je, hajambo?"

Nimemwambia sikukukuta.

Dorotea